Prosesa ya Luhende, Ng'ombe wa Kwandu

Kuna watu walioumizwa na ruksa, ile ya kila mtu kuuza na kununua apendavyo. Siwasemi waliopunguzwa viwandani, wala wale waliouziwa redio yenye tofali ndani. Hao wana haki yao ya kulalamika. Namsema Luhende wa Bariadi, ambaye ruksa ilimwumiza kwa kumjazia maduka. Maskini, kuchagua hajui.

Enzi za ushirika alikuwa mtu mtulivu, hana neno. Alikuwa mpima pamba kwenye ghala la Dutwa, na mnunuzi alikuwa mmoja, mzani mmoja, bei moja. Ukienda dukani sabuni ni ya aina moja, na ukiikuta ushukuru Mungu. Baiskeli ni nyeusi. Anayetaka nyekundu apake rangi mwenyewe. Luhende alinawiri katika mambo hayo. Alinenepa hata.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, ushirika ukakohoa kidogo ukalala, na Luhende akarudi nyumbani na koti lake la kazi begani. Akahamia mjini Bariadi na mkewe Kwandu, akaanza kuhangaika na biashara. Na huko mjini ndiko alikokutana na sabuni. Zipo za kijani, za bluu, za ndimu, za waridi, za kuoga zinazofulia na za kufulia zinazoogea. Kwandu alimtuma sabuni asubuhi moja, nguo akaziloweka kabisa. Jua likapanda, likashuka, nguo zikaanza kunuka. Alipomfuata akamkuta dukani bado ananusa. Na alirudi mikono mitupu, akasema, "Nimeona bora kwanza tushauriane."

Kwa ng'ombe tu ndiko ukawiaji wake ulikuwa na faida. Kule Nkololo alikozaliwa, mtu akitaka maksai wawili wa kulimia alimwita Luhende amchagulie. Angezunguka mnada mzima, akamtazama huyu kwato, yule shingo, akawatembeza pamoja, akawarudisha, akawatembeza tena, mpaka mwenye hela anakasirika. Lakini akishasema "hawa wanaendana," jembe lilinyooka. Hilo hata maadui zake wanampa, na maadui zake ni wachache, maana hata kugombana huchelewa.

Sasa ilikuwa mwaka 2005. Simiyu haijawa mkoa, sisi bado tunahesabiwa Shinyanga. Luhende alishauza mitumba, alishauza nyembe, alishauza dawa ya panya ambayo panya waliipenda, na mwisho akatulia kwenye kibanda karibu na stendi, akiwa na kompyuta moja kuukuu ya kuchapia barua na kurekodia nyimbo. Siku moja kijana aliyeleta diski ya nyimbo akaiwekea kompyuta na gemu ya mpira. Watu wakapanga foleni. Luhende akagundua kwamba vijana wasio na hela ya kuchapa barua ya kuomba kazi wanayo hela ya kufunga magoli. Akaacha barua.

Raha hiyo haikudumu. Ng'ambo ya barabara, shemeji yake Anatoli, mdogo wake Kwandu, alifungua kibanda chake chenye mashine za gemu za kuchomeka kwenye televisheni. Picha zinang'aa, wachezaji wana mpaka jasho. Na sisi Wasukuma mnajua ngoma zetu zinavyoshindana: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa moja, na jaji ni miguu ya watu. Wakikuhama, umeshindwa, huna wa kumkatia rufaa. Basi watu walivuka barabara. Kwa Luhende akabaki mbuzi mmoja, naye alifuata kivuli.

"Shemeji!" Anatoli alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Nikuletee wateja wa kuazima?"

Luhende alicheka, maana shemeji hatukanwi, lakini yalimwingia. Bila kompyuta mpya yenye nguvu, msimu wa pamba ungempita, na msimu wa pamba ndio wakati pekee vijana wa Dutwa, Nkololo na Mwamapalala wanakuja mjini mifuko imevimba. Hela hakuwa nayo. Ng'ombe wa Nkololo walikuwa wa ukoo, hauzi mtu peke yake. Pale nyumbani mjini zizini alikuwepo mmoja tu, jike jekundu la maziwa, na huyo alikuwa wa Kwandu. Ndiye aliyetengwa kwa ajili ya mama katika mahari ya binti yao Violeth. Katika maisha yake yote Kwandu alilima, akavuna, akauza, na vyote vikaitwa vya Luhende. Ng'ombe yule peke yake ndiye aliyeitwa wa Kwandu.

Luhende hakuthubutu kumwomba. Kwandu ndiye aliyesema mwenyewe, huku anakamua.

"Muuze huyu. Ila sikiliza, Baba Violeth. Kabla mvua hazijaanza nataka ng'ombe mwingine asimame hapahapa aliposimama huyu. Asiposimama, kibanda tunafunga na tunarudi Nkololo kushika jembe."

"Atasimama," Luhende akasema. Alimpenda mkewe, na alijijua.

Asubuhi ya safari Kwandu alimsindikiza stendi.

"Ukifika, chagua urudi. Usiende kuhamia huko."

"Mama Violeth, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ng'ombe wangu ameshaliwa, wewe bado unaniambia haraka?"

"Kitu cha kudumu hakichaguliwi mbiombio. Hata wewe sikukuchagua siku moja."

"Mimi nilikukubali enzi za ushirika," Kwandu akajibu, na madirisha ya basi yote yalikuwa wazi. "Aina ilikuwa moja."

Basi lilicheka mpaka Dutwa.

Mwanza, kwenye mtaa wa nyuma nyuma, alielekezwa duka la binti mmoja fundi aitwaye Generoza. Binti mpole, anauza vipande vya kompyuta na kuviunganisha mwenyewe. Luhende alikuja na kioo chake cha zamani na kadi yake ya picha ya zamani, ile sehemu inayochora picha kwenye kioo, aliyoing'oa kwenye mashine kuukuu. Akaeleza shida: kompyuta ya gemu, hela si nyingi, na kuna shemeji.

Mambo mengine yaliisha upesi kwa sababu kasha lilikuwa la aina moja na ubao wa ndani ulikuwa wa aina moja. Shida ilianzia kwenye prosesa. Prosesa ni kidude cha mraba, kinaenea kiganjani, nacho ndicho kinachofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima. Generoza akapanga tatu juu ya meza.

"Baba, hii ndogo ni ya barua na mahesabu. Hii ya kati gemu za mpira inacheza vizuri tu. Hii kubwa ina nguvu sana, lakini bei yake nayo unaiona."

Luhende akaziangalia. Tatu! Angalau zingekuwa mbili.

Akaishika ile kubwa, akaigeuza upande wa tumbo, akaona vijino vingi vya rangi ya dhahabu. Uso ukamng'aa. Kumbe nayo ina meno!

"Baba, usiguse meno! Yakipinda, imekufa!"

"Natazama umri wake, mwanangu."

"Zote ni mpya, baba. Na meno yao ni sawasawa."

Hilo lilimvunja nguvu. Ng'ombe wote wenye meno sawa unawachaguaje? Akaomba zitembezwe. Generoza, Mungu ambariki, akaifunga kila moja kwenye mashine ya dukani, akawasha gemu, Luhende akasimama nyuma amefunga mikono, anatazama mwendo. Zote zilitembea vizuri, maana mashine ya dukani ilikuwa na kadi yake nzuri ya picha. Akasema zirudiwe. Wateja wakaja, wakanunua, wakaondoka. Generoza akanywa chai, akamimina na ya mgeni.

"Ushauri wangu, baba, chukua ya kati. Hela itakayobaki ununue kadi ya picha mpya. Ukichukua kubwa, utabaki na hiyo kadi yako ya zamani, na hapo hutafurahi."

Hapo ndipo Luhende alipoharibikiwa. Alikuwa amekaa kwenye mizani ya pamba miaka mingi, na tangu ruksa alishaona mnunuzi anayekuchekea akikanyaga mzani kwa kidole cha mguu. Akajua, au alijidanganya kuwa anajua, kwamba muuzaji hawezi kukuambia ununue cha bei nafuu kwa kukupenda. Lazima ile ya kati imemdodea. Ya kati inasukumwa kwake, mshamba wa Bariadi! Akalala kwa ndugu yake, akaamka na hasira za haki, akarudi dukani asubuhi kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

"Nipe kubwa."

"Baba, na kadi je?"

"Kubwa, mwanangu. Kadi ninayo."

Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma. Sisi nazi hatuna, lakini koroma zinatufikia vizuri tu.

Jumamosi ya uzinduzi alifagia kibanda, akanyunyiza maji, akafungulia muziki mkubwa. Vijana wenye hela ya pamba wakavuka barabara kumjia, mmoja, wawili, kundi zima, mpaka Anatoli akatoka nje akasimama mlangoni pake amejishika kiuno. Luhende alimpungia mkono kwa adabu, adabu ile inayouma. Akawasha gemu.

Muziki wa gemu ukalia vizuri. Hesabu za kompyuta ndani kwa ndani zilikwenda kama umeme. Lakini picha! Mpira ukipigwa unakwenda hatua, unasimama, unakwenda hatua, kama bibi harusi anayeingia kanisani. Kipa akiruka, unaweza kwenda kununua karanga ukarudi ukamkuta bado hewani. Prosesa kubwa ilishamaliza kufikiri kitambo, kadi ya zamani bado inahema ikichora mguu wa kwanza.

"Mzee, hawa wamefunga?" kijana mmoja akauliza.

"Subirini ipate moto," Luhende akasema, jasho linamtoka.

Ilipata moto, na haikubadilika. Kijana wa kwanza akaondoka kwa aibu, akipita ukutani. Wa pili hakuona aibu. Kisha miguu yote ikavuka barabara, na kutoka ng'ambo shemeji akapaza sauti, "Shemeji, hao wachezaji wako wape uji kwanza!"

Kwandu alikuwepo, amekaa kwenye benchi na beseni lake la maandazi. Akafunika maandazi, akaenda nyumbani. Luhende angefurahi kama angetukanwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kila asubuhi Kwandu alimwekea chai ya rangi, maana maziwa yalikwenda na ng'ombe. Aliiweka mezani taratibu, na Luhende aliinywa huku anatazama zizi tupu kupitia dirishani. Aliumia sana. Kicheko cha Anatoli angekizoea; utani wa mashemeji hauui. Lakini mwanamke alikuwa na kitu kimoja duniani kinachoitwa chake, na yeye amekigeuza kipa anayening'inia hewani. Mawingu yalikuwa bado hayajaonekana, lakini kila alipoona hata moshi upande wa ziwani, alidhani ni mvua.

Basi mchana mmoja amekaa nje ya kibanda, hana mteja, akasikia kelele barabarani. Ulikuwa mkokoteni wa ng'ombe umesheheni pamba, unakwenda kwa mnunuzi, na dereva wake alikuwa Malimi wa Mwamapalala, mtu mzima wa kuheshimika. Lakini mkokoteni haukwenda njia. Ulikuwa unavutwa upande, unavutwa upande, mpaka gurudumu likaingia mtaroni. Kulia Malimi alifunga dume kubwa lenye nundu kama kichuguu, na kushoto kandama, kanaburuzwa na nira mpaka shingo imepinda.

Luhende hakuvumilia. Mambo ya mjini yalimshinda, lakini haya hayakumshinda. Akainuka, hasira zimempanda kichwani.

"Malimi! Nani aliyekufundisha kufunga hivi? Hilo dume lina nguvu, sawa, nguvu zake zinakwenda wapi? Halina mwenzake! Mkokoteni hauendi kwa nguvu za mkubwa, unakwenda kwa mwendo wa mdogo! Ungemwuza huyo ukanunua wawili wa kati wanaoendana, saa hizi ungekuwa umeshauza pamba na unakunywa soda! Mtu mzima hujui hata kuoanisha..."

Akanyamaza. Malimi aliyekuwa ameinamisha kichwa apokee maneno yake akainua macho aone kulikoni.

"Baba Violeth? Umepatwa na nini?"

"Malimi," Luhende akasema polepole, "ni mimi niliyefunga hivyo."

"Hapana, nimefunga mimi asubuhi."

"Nimefunga mimi. Mwanza."

Akamsaidia kuutoa mkokoteni mtaroni, akamshika mkono kwa nguvu, akakimbia nyumbani. Wapita njia walisimama kuangalia, kwa kuwa Luhende kukimbia ni jambo ambalo Bariadi ilikuwa haijawahi kulishuhudia.

"Mama Violeth! Nimefunga dume na ndama!"

Kwandu aliyekuwa anapepeta mchele hakuinua kichwa. "Umejua leo? Si ulisema yule binti wa dukani alikwambia?"

"Aliniambia kwa maneno ya dukani. Malimi kaniambia kwa ng'ombe."

Kwandu akauweka ungo chini. Alijaribu kununa, nuno likamshinda, akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumamosi ile, na Luhende aliposikia kicheko kile alihisi kupona, ingawa kilikuwa kinamcheka yeye.

Kule Mwanza, Generoza alimwona anaingia na kasha begani na kiboksi cha prosesa kifuani.

"Karibu baba. Nilikutegemea mapema zaidi."

"Mwanangu, nisamehe. Nilidhani unanisukumia kile kilichokudodea."

"Kilichonidodea ni hicho ulichoshika," Generoza akasema. "Watu wa kukinunua hapa ni wachache. Nilishafurahi kimeondoka, na sasa umekirudisha."

Walicheka wote wawili. Alikipokea kwa kupunguza bei kidogo tu, akampa prosesa ya kati, na hela iliyobaki ikatosha kadi ya picha. Akaviunganisha, akawasha, na kipa akaruka, akadaka, akatua. Luhende akampigia makofi kipa.

Msimu wa pamba ulikuwa umeshafika katikati, lakini haukuwa umekwisha. Mara hii hakufagia wala kufungulia muziki. Aliwasha tu. Kijana mmoja akapita, akachungulia, akaita mwenzake. Jioni ya pili yake Anatoli mwenyewe alivuka barabara, akasimama nyuma ya watu, akatazama sana.

"Shemeji, hii inakula nini?"

"Ugali wa kawaida," Luhende akajibu. "Ila wanakula wawili, sahani moja."

Hela iliingia. Haikuwa ya kujengea ghorofa, ila iliingia kila siku, na Luhende hakuigusa hata kwa tumbaku. Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, alimkabidhi Kwandu kifurushi kwa mikono miwili.

"Nenda mnadani. Nikienda mimi, mvua itanyesha, itakwisha, na nitakuwa bado nazunguka."

Kwandu alichukua khanga yake na kifurushi, akapanda basi kwenda mnada wa Dutwa. Luhende akashika kazi. Akaziba zizi kwa miiba mipya, akakata majani, akajaza maji kwenye pipa lililokatwa. Jioni Kwandu hakurudi. Kondakta wa basi akaleta salamu: mama amelala kwa ndugu, atakuja kesho. Luhende akatabasamu peke yake. Kumbe na yeye yamempata! Akamwonea huruma, huyo mwanamke yuko kwenye ng'ombe wengi wazuri na hajui amshike yupi.

Kesho yake adhuhuri akamwona anatoka upande wa stendi, na hana ng'ombe. Ana boksi kubwa kichwani na kifuko mkononi.

Luhende akatupa majani aliyoshika. "Mama Violeth. Ng'ombe yuko wapi?"

"Huyu hapa." Kwandu akatua boksi taratibu mlangoni mwa zizi, akajifuta jasho. "Nimefika mnadani nikawaona, wazuri kweli. Nikajiuliza, ng'ombe namletea nani huku, na malisho yako kule stendi? Nikapanda basi lililokuwa linakwenda Mwanza. Hii ni yangu, Baba Violeth. Nitaikalia mwenyewe. Yako hiyo nyingine."

Luhende alitazama boksi, akatazama zizi alilolifunga miiba, akamtazama mkewe. Alibakiwa na swali moja tu, nalo alilitoa kwa woga.

"Umechukua prosesa gani?"

"Yule binti alitaka kunipangia mezani zote. Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia nipe kama ya mume wangu."

Luhende akageuka upesi, akajifanya anarekebisha miiba ya lango.